Ndama Aliyekula Umeme

Usiku ule sikukaa na simu yangu ndani ya nyumba. Niliiweka nje, ndani ya karai lenye mchanga, mbali kidogo na mlango, kisha nikaketi kwenye kigoda cha kukamulia, mlango ukiwa wazi kiasi cha kupitisha kichwa. Ukungu ulikuwa umeshuka juu ya chai mpaka sikuona hata mstari wa kwanza wa miche. Nilichoona ni kile kitaa kidogo cha simu tu, kikiwaka na kuzima, kikiwaka na kuzima.

Binti yangu Chepkorir alikuwa hospitalini Kericho, amevuta moshi mbaya. Baba yake, Kipkosgei, alikuwa naye. Habari yoyote ya pumzi ya mtoto wangu ingepitia kwenye simu ile, na simu ile ilikuwa imevimba mgongo. Nikiizima, sitajua kama mtoto yu hai. Nikiikumbatia, huenda ikanifanyia kama alivyofanyiwa yeye. Basi nikaipa mchanga, nikaipa nafasi yake, nikaitazama kama mtu anavyomtazama nyoka aliyelala kizingitini.

Upande wetu wa Kabianga kila mtu anamjua Kipkosgei. Si kwa mali. Ana chai kidogo kwenye mteremko, ana ng'ombe wachache wa maziwa, ana redio. Wanamjua kwa sababu ya ng'ombe waliofura. Mvua ikirudi baada ya kiangazi na majani machanga yakichipuka, ng'ombe hula kwa pupa, tumbo linajaa hewa, na ubavu wa kushoto unainuka na kukazika kama ngozi ya ngoma. Akiachwa hivyo, hewa inabana mapafu na anaanguka. Daktari wa mifugo yuko mbali, na njia zetu wakati wa mvua ni utelezi. Kwa hiyo watu hukimbilia lango letu wakiita, "Baba Chepkorir! Amefura!"

Yeye huchukua chuma chake chenye ncha, kilichovikwa bomba jembamba, alichoachiwa na daktari mmoja mzee aliyestaafu. Hupapasa kwa kiganja lile bonde lililo kati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga. Huongea na ng'ombe polepole, kama anayebembeleza mtoto anyolewe. Halafu huchoma mara moja tu. Huvuta chuma, bomba linabaki, naye huinamisha sikio. Hewa ikianza kutoka, sss, hufumba macho na kusema neno moja: "Anapumua." Hapo mwenye ng'ombe huanza kulia au kucheka.

Niliolewa naye kwa sababu ya mikono hiyo. Haitetemeki. Hata chai huichuma hivyo hivyo, majani mawili na kichipukizi, na hatatia jani gumu kapuni hata kama sisi wengine tumeshamaliza mstari. Lakini ana tabia moja iliyonitia wasiwasi tangu zamani: kila kitu kinachokaa karibu naye hukifanya mfugo. Redio yake huifunika kitambaa usiku isipatwe na baridi. Pikipiki ya Kiplimo, jirani yetu wa kubeba maziwa kabla hajanunua pikapu, Kipkosgei alikuwa akiipiga-piga ubavu kabla ya kuipanda. Kiplimo alikuwa akimwambia, "Mzee, hii haiumi." Naye anajibu, "Wewe umejuaje?"

Chepkorir, kitinda mimba wetu, ana mikono ya baba yake, ila aliipeleka kwingine. Ana kibanda karibu na lango la chuo kikuu, anatengeneza simu za wanafunzi. Jioni moja alirudi na mfuko, akamwaga mezani vitu bapa, laini, vya rangi ya fedha.

"Hizi ni nini, dawa ya kupe?" Kipkosgei akauliza.

"Ni betri, Baba. Zinaitwa lithiamu polima. Iko moja ndani ya simu yako, moja kwa simu ya Mama. Ziko kwa zile vitu wanafunzi wanaweka masikioni, kwa spika ndogo, kwa saa za mkono, hata kwa kile kindege kinapiga picha za harusi."

"Na mkebe wake uko wapi? Betri ya redio yangu ina mkebe."

"Hii haina. Imevaa mfuko mwembamba tu. Ndiyo maana ni nyepesi, na ndiyo maana simu siku hizi ni nyembamba. Ndani kuna karatasi nyingi za chuma zimelaliana kama chapati kwa sahani, na kati ya moja na nyingine kuna utando na dawa nzito nzito. Hizo chapati zisigusane tu. Zikigusana, ni moto."

Niliacha kumenya viazi. "Moto gani?"

"Wa kujiwasha wenyewe, Mama. Lakini ukiitunza haina neno."

Mtu mwingine angesikia hayo maneno ya mwisho. Mimi nilisikia ya kwanza.

Alichagua zilizo nzima, akaziunganisha, akazitia ndani ya kasha la mbao pamoja na kidude cha kuzuia zisijazwe kupita kiasi. Mchana kasha lilikula jua kutoka kwenye paneli ya paa, na stima ikiwepo lilikula stima. Kwetu mvua hunyesha alasiri karibu zote, na stima hukimbia mvua kama kuku. Tangu kasha lile lije, nilikamua alfajiri nikiwa na taa zizini, nikapika nikiona ninachokitia kwenye sufuria, simu zikachajiwa, na Kipkosgei akasikiliza redio yake mpaka akalala mdomo wazi. Alilipenda sana. Akaliita Ndama.

"Mmemlisha Ndama?" alikuwa akiuliza jioni akirudi kutoka kituo cha kupeleka chai.

Molly, jirani yetu ambaye mume wake aliletwa na kazi ya kiwanda kutoka upande wa ziwa na wakajenga hapa, alicheka mpaka akashika ukuta. "Mama Chepkorir, siku huyu mzee ataanza kuikamua, niite nikuje na kikombe."

"Cheka," Kipkosgei akamwambia. "Kwako stima ikipotea unapika samaki kwa giza, unakula na miiba."

"Miiba tunajua kutoa, mzee. Wewe utajua kutoa nini kwa hiyo sanduku?"

Sasa hivi ningetoa chochote ili Molly asiwe ameuliza swali hilo.

Chepkorir alitupa masharti, akayarudia kila mara kama mwalimu. Kasha likae mahali pakavu penye ubaridi. Lisiachwe likichaji hakuna mtu. Lisiachwe liishe kabisa. "Na mkiona betri imevimba," alisema, akinitazama mimi kwa sababu anajua nani huangalia vitu katika nyumba hii, "au mkisikia harufu tamu, kama ya rangi ya kucha, msiiguse. Niiteni. Ile hewa ya ndani inashika moto, na moshi wake ni sumu."

Halafu Julai ikaja na baridi yake. Ukungu ulikuwa ukiingia jikoni kama mgeni asiyepiga hodi. Kipkosgei akaliona kasha limekaa sakafuni kwenye stoo yenye unyevu, akalihurumia. Akalipandisha kwenye dari ya fito juu ya meko, pale ambapo sote huku tunakaushia kuni na mbegu za mahindi. Chepkorir alilikuta hapo akalishusha.

"Baba, joto ndiyo inaua hii kitu."

"Ndama hauawi na joto, lakwet, mwanangu. Ndama anauawa na baridi."

"Si ndama, Baba!"

"Anakula, analala, asubuhi anatoa. Wewe uniambie tofauti."

Ikawa mchezo wao. Huyu anashusha, yule anapandisha mwenziwe akishaondoka. Wao walicheka. Mimi kila nilipokoroga ugali niliinua macho juu, na ilikuwa kama kuna kitu kule darini kinanitazama pia.

Siku yenyewe ilikuwa na jua, jambo ambalo lilipaswa kunishtua. Niliingia jikoni mchana kutia maji kwenye maharagwe, nikasikia harufu tamu. Nikafikiri Chepkorir amemwaga rangi ya kucha. Lakini mtoto wangu hapaki kucha, anashika waya siku nzima. Nikainua macho. Kifuniko cha kasha kilikuwa kimeinuka upande mmoja, misumari yake nje, kama mtu amekisukuma kutoka ndani kwa bega.

Nilimpigia. Akasema, "Zima moto ya jiko, toka nje, usiguse. Tafuta mchanga. Nakuja."

Mchanga tulikuwa hatuna. Molly alikuwa nao, wa kujengea choo chake. Langoni nikakutana na Kipkosgei akitoka kwenye chai, kapu bado mgongoni.

"Usiingie jikoni," nikamwambia. "Chepkorir yuko njiani. Lile kasha limevimba."

"Amefura?"

"Limefura, ndiyo. Usiliguse!"

Nikaona uso wake ukibadilika. Ni uso ule ule anaouvaa watu wakiita langoni. Nikakimbia, kwa sababu mchanga ndio nilioambiwa.

Tuliporudi mimi na Molly tumebeba karai, yeye alikuwa amelishusha kasha na kulifungua sakafuni. Betri moja ilikuwa imejaa kama mto wa kulalia. Alikuwa amepiga magoti, kiganja kimelala juu yake, anaongea nayo kwa sauti ya chini. Mkono mwingine ulishika chuma.

"Baba Chepkorir, wacha!" nikapiga kelele.

"Akiachwa hivi atapasuka," akasema bila kugeuka. Akachoma.

Hewa ikatoka, sss. Akainamisha sikio, akafumba macho.

"Anapu—"

Hakumaliza. Moshi mweupe ulipiga kutoka mle kama mvuke wa birika, mzito, mtamu, halafu ukawa mchungu. Akarudi nyuma akijikwaa, akapitia mlango wa uani akikohoa. Na katika dakika hiyo hiyo pikipiki ikafika langoni na Chepkorir akaruka kabla haijasimama vizuri. Aliangalia mara moja tu. Juu kulikuwa na kuni kavu na mbegu. Nyuma ya ukuta wa mbao kulikuwa na ndama wa kweli, amefungwa. Akavua sweta, akaingia, akalifunika kasha kwa sweta na kulikumbatia, akakimbia nalo kupitia moshi ule mpaka katikati ya uwanja. Lilipasuka kabla hajalitupa vizuri. Moto wake haukuwa kama wa kuni. Ulivuma kama wa mtu anayechomelea chuma. Ukatulia. Molly akasema, "Asante Yesu." Ndipo betri iliyofuata ikawaka, kisha nyingine, kama chapati zinazogeuzwa moja baada ya moja.

Mikono ya Chepkorir ilikuwa imeungua. Hata hivyo alimtazama baba yake, akajaribu kucheka. "Mgonjwa wako amekufa, Baba."

Tukamwagia mikono maji, muda mrefu. Nilifikiri shida ni mikono. Kisha nikasikia sauti yake. Kila neno lilitoka kavu kuliko lililotangulia, na Kiplimo alipofika na pikapu yake ya maziwa, binti yangu alikuwa anaongea kama babu mwenye kifua. Nilitaka kupanda naye. Akatikisa kichwa.

"Baki, Mama. Hayo mabaki yanaweza kuwaka tena. Chunga nyumba."

Hayo ndiyo maneno ya mwisho niliyosikia kwake. Tuliyafunika mabaki kwa mchanga, na mchanga uliobaki ukakaa kwenye karai.

Kipkosgei alinipigia giza likiwa limeshaingia. Nyuma yake nilisikia magurudumu ya kitanda.

"Koo inavimba," akasema. "Moshi imechoma ndani. Wanampa dawa. Wanasema ikizidi kuziba, watamtoboa."

"Watamtoboa wapi?"

"Hapa mbele. Kwa shingo. Wanaweka bomba apumue nayo."

Halafu mtandao ukakatika, kama unavyokatika kwetu ukungu ukishuka, na katika kimya hicho nikahisi kitu chini ya kidole changu. Kifuniko cha nyuma cha simu kilikuwa kimeinuka. Nikakinusa. Rangi ya kucha.

Ndivyo nilivyofika kwenye kigoda kile, nikiangalia karai. Ni simu ya zamani, na mara ngapi nimeilaza usiku karibu na meko ili isishike unyevu, kama kila mwanamke wa huku anavyofanya. Nilikaa nikisikiliza pande mbili: simu mbele yangu, na kile kichuguu cha mchanga katikati ya uwanja. Mara moja kichuguu kilitoa sauti ndogo, tik, na ng'ombe zizini wakasimama wote pamoja.

Kisha kitaa cha simu kikawaka, kikazima, kisiwake tena. Chaji yake ilikuwa imekwisha.

Stima ilikuwa imerudi. Chaja ilikuwa inaning'inia ukutani, mkono wangu unaifikia. Nikaishika. Nikafikiri: labda wakati huu huu Kipkosgei ananipigia. Labda ananiuliza jambo. Ningeichomeka dakika chache tu, nisikie sauti yake tu. Lakini nililiona moyoni kasha lile juu ya meko, likilishwa na kupashwa joto na mtu aliyelipenda. Nikaitundika chaja mahali pake, nikaketi tena. Sijawahi kufanya jambo dogo lililonikata namna ile.

Molly alikuja alfajiri na kibuyu chake cha kukamulia. Akatazama karai, akanitazama mimi. "Sasa umeatamisha simu kama kuku?" Alipoona uso wangu akaacha mzaha. Alimpigia Kipkosgei kwa simu yake, haikupatikana. "Nenda," akaniambia. "Ng'ombe nitakamua mimi. Na hiyo kitu yako siigusi, hata ikiniita kwa jina."

Nilifika hospitalini na Kiplimo, yeye akipeleka maziwa. Kipkosgei alikuwa kwenye benchi la korido, mbele ya mlango uliofungwa, mikono ameibana katikati ya magoti. Nyusi zake zilikuwa zimeungua upande mmoja.

"Nilikupigia," akasema.

"Simu ilikufa."

"Nilikupigia sana, Mama Chepkorir. Simu yangu pia ikakufa nikikupigia."

Nikaketi. Mlango ulikuwa umepakwa rangi ya kijani, na karibu na kitasa rangi ilikuwa imechubuka kwa mikono ya watu.

"Daktari alikuja usiku," akasema. "Akaniambia koo imefunga. Akauliza kama ninakubali. Nikamwambia ngoja nimuulize mama yake. Akasema hakuna wakati."

"Ukasema nini?"

Alitoa mikono kutoka katikati ya magoti akaiangalia. Ilikuwa inatetemeka. Miaka yote niliyoishi naye, sikuwahi kuiona ikitetemeka.

"Nilimwambia achome. Nikamwambia asichelewe, ukichelewa anaanguka. Akaniangalia kama mimi ni mwendawazimu. Wakafunga mlango. Haujafunguliwa tangu hapo, hakuna aliyeniambia kitu. Mtoto mmoja, nimemtoboa mara mbili."

Nilimshika mkono mmoja, nikauzuia juu ya goti langu. Watu walipita na sahani za uji. Mzee mmoja aliyelala kwenye machela aliomba maji kwa Kipsigis, akapewa. Nyuma ya mlango hakukuwa na sauti ya mtu, hatua za viatu tu, zikija karibu, zikirudi. Kila zilipokuja Kipkosgei aliacha kuvuta pumzi.

Kisha kitasa kikageuka. Muuguzi alitoka akiwa amebeba beseni, akauzuia mlango kwa kisigino usijifunge. Alikuwa anatafuta pa kuweka beseni. Kutoka pale benchini hatukuweza kuona kitanda, tuliona pazia tu. Lakini tulisikia. Nyuma ya pazia kulikuwa na sauti ndogo, yenye unyevu, inayotoka na kurudi kwenye bomba jembamba. Sss. Kimya. Sss.

Kipkosgei aliinamisha sikio. Akafumba macho. Midomo yake ilisogea, lakini lile neno lake halikutoka, na nikajua kwamba analiogopa.

"Anapumua," nikamwambia. "Simama, Baba Chepkorir. Mlango umefunguliwa."